Nyumba na Shamba: Joto la Nyumba ya Kioo

Jamaa nyingi za kwetu zina watoto au ndugu wanaokaa Ubelgiji, na baadhi yao wamejipatia makao yenye kiwanja kidogo nyuma. Hapo wengine wamesimamisha nyumba ndogo ya kioo, upana meta 2, urefu meta 3, wapate kuotesha lengalenga, matembele na pilipili. Toka Mei hata Septemba mambo huenda vizuri. Lakini Novemba ifikapo, umande huganda usiku juu ya majani, naye mwenye bustani hujiuliza: Niwashe moto humu, au niache vyote vife? Shauri hili si la mboga tu. Ni la fedha ya jamaa, na, kama tutakavyoona, ni la uhai pia.

Kwanza tufahamu kazi ya kioo. Mchana hupitisha mwanga wa jua, udongo na mimea hupata joto, na hewa iliyopata joto haiwezi kupanda ikaenda zake, maana imefungiwa. Usiku jua halipo, na kioo ni chembamba: joto hupenya upesi kuliko katika ukuta wa matofali.

Enyi wanafunzi, chukueni kalamu. Nyumba ya namna hiyo ina kioo cha meta za mraba 25 hivi, kuta na paa pamoja. Kila meta ya mraba hupoteza karibu wati 6 kwa kila digrii ambayo ndani yazidi nje. Ikiwa nje ni digrii 5 chini ya sifuri, nasi twataka ndani digrii 5 juu ya sifuri, tofauti ni 10. Zidisheni 25 mara 6 mara 10: wati 1,500. Usiku wa Desemba huko wapata saa 16. Basi usiku mmoja wa namna hiyo utakula kilowati-saa 24 za umeme. Na mtu akitaka digrii 15, kwa sababu lengalenga hupenda joto, hesabu ni 48. Si kila usiku ulio mkali hivyo, ni kweli. Lakini andikeni bei ya umeme kando ya tarakimu hizo, nanyi mtaona kwamba fungu moja la mboga laweza kugharimu kuliko nyama.

Watu wa Hoeilaart, karibu na Bruxelles, waliijua hesabu hiyo vema. Felix Sohie alianza huko mwaka 1865 kulima mizabibu chini ya kioo, na jamaa nyingi zikamfuata, wakizipasha moto nyumba zao kwa makaa ya mawe. Zabibu zao zilisifiwa mbali. Lakini bei ya mafuta ilipopanda baada ya mwaka 1973, na zabibu za nchi zenye jua zikauzwa kwa bei ndogo, nyumba nyingi za kioo ziliachwa, zikabomolewa. Mfalme Leopold wa Pili, ambaye nyumba zake kubwa za Laeken zilianza kujengwa mwaka 1874, hakuwa na haja ya kuhesabu magunia ya makaa. Jamaa yenye mshahara mmoja yahesabu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua moto, mtu na azuie joto lisitoke. Aweke ndani ya kioo plastiki yenye vipovu vya hewa, ile wafungiayo vyombo. Hiyo peke yake yaweza kupunguza hasara kwa theluthi moja hivi. Azibe nyufa za mlango. Wengine husifu pipa la maji linalopata joto mchana na kulirudisha usiku. Si uongo, ila msitumaini mno: pipa la lita 200 likipoa toka digrii 10 hata 5 hutoa kilowati-saa 1 na kidogo, yaani kazi ya moto ule wetu isiyofika saa nzima.

Sasa sikieni neno zito. Mtu aliyezoea mbabula ya makaa asithubutu kuiingiza katika nyumba ya kioo. Makaa yawakapo mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, husinzia, wala haamki tena. Na kadiri nyufa zinavyozibwa vizuri, ndivyo hatari inavyozidi. Hivyo hivyo katika chumba cha kulala, kule Bruxelles na huku kwetu katika milima ya Kivu, usiku wa baridi. Mbabula ibaki nje, hata ikionekana kana kwamba imezimika.

Jiko la mafuta ya taa nalo lina gesi hiyo lisipowaka vizuri, tena kila lita ya mafuta hutoa karibu lita moja ya maji katika hewa, na majani huota ukungu. Heri feni ya umeme iliyotengenezwa kwa mahali penye unyevu, yenye kipimo kinachoizima na kuiwasha chenyewe. Waya zake zifungwe na fundi, pamoja na swichi ya usalama.

Lakini je, moto wahitajiwa kweli? Mwezi wa Desemba mchana wa Ubelgiji ni saa 8 tu, na jua liko chini. Mmea wenye joto bila mwanga hurefuka, ukawa mwembamba na mweupe. Basi mbegu za lengalenga zitunzwe katika bahasha. Vipande vya matembele viwekwe chunguni penye dirisha la jikoni. Pilipili ikatwe matawi, iingizwe nyumbani. Nyumba ya kioo iachiwe spinachi na saladi za majira ya baridi, ambazo huvumilia bila moto.

Mwishoni mwa Machi mbegu za pilipili zipandwe katika visanduku dirishani, na za lengalenga mwezi wa Aprili. Hapo joto dogo chini ya kisanduku latosha, badala ya kupasha hewa yote. Miche isitolewe nje mapema. Wakulima wa huko hungoja kwanza sikukuu za Mtakatifu Mamertus, Pancras na Servatius zipite, tarehe 11, 12 na 13 Mei, nao huwaita watakatifu wa barafu.