Kelele za Lord Spikeheart zinafika mpaka Hola

Ukiweka The Adept bila kuonywa, utadhani simu yako imeingia maji. Ngoma za mashine zinakimbizana, halafu jamaa anapasua koo mpaka unageuka kuangalia nyuma. Huyo ni Martin Kanja, Mkenya anayejiita Lord Spikeheart, na hii ndiyo albamu yake ya kwanza akiwa solo. Ilitoka Aprili 2024, chini ya lebo yake mwenyewe, HAEKALU.

Kama jina ni geni kwako, tafuta Duma, kundi lake na Sam Karugu. Albamu yao ilitolewa 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Duma hapo si yule mnyama wa mbio. Ni giza, kwa Kikuyu.) Ulaya waliwapenda sana. Huku kwetu, mtu akiskia metali anakwambia ni muziki wa shetani, ama wa wazungu, na stori inaishia hapo.

Sasa skiza. Albamu hii ni ya kumuenzi Field Marshal Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefika cheo hicho katika Mau Mau. Alikaa msituni mpaka uhuru ukaja, nywele zake hazikukatwa mpaka 2022, na alifariki Septemba 2023. Spikeheart anasema yeye ni kitukuu wake. Uwa wa wazungu uko wapi hapo?

Najua utaniambia hayo ni mambo ya Nyeri. Lakini wewe wa Chewele, ukishuka kwenda Garsen si unapita Hola? Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau waliuawa kwa kipigo katika kambi ya hapo Hola, kwa sababu walikataa kufanyishwa kazi kwenye mradi wa kunyunyizia mashamba maji. Serikali ya mkoloni ilitangaza kwanza kwamba shida ilikuwa maji waliyokunywa. Maji! Uchunguzi ndio ulitoboa kwamba ni marungu. Leo kuna shule ya upili pale Hola yenye jina la Mau Mau Memorial, na wangapi kati yetu wamewahi kuuliza ni kwa nini?

Mimi naona hapo ndipo metali inaingia. Ukitaka kuimba kuhusu marungu kwa sauti ya bongo fleva, utaimba nini?

Shida yangu na The Adept ni moja: maneno hayashikiki. Mtu asiyesoma habari za albamu atamaliza nyimbo zote bila kujua kuna Muthoni ndani. Hasira inakufikia, jina halifiki. Kwa wale wa Ulaya pengine si neno. Kwetu sisi, jina ndilo tulilonyimwa darasani.

Spikeheart, Machi 3 ikifika, Hola uwanja upo. Njoo na mashine zako, na kabla hujaanza kupiga kelele, tutajie yale majina 11 polepole.