Tusinunue Amplifaya Mpya Kabla ya Kujua ya Zamani Imeuawa na Nini



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme machache juu ya jambo linalozungumzwa sana mabwenini muhula huu, yaani amplifaya ya gari la shule. Wote twajua kwamba ilizimika wakati wa kurudi kutoka michezoni, na tangu siku ile gari letu limekuwa bubu. Imeshauriwa kwamba kila mwanafunzi achange shilingi elfu mbili ili inunuliwe mpya, na ya kuwa asiyechanga asipande gari safari ijayo. Mimi nalipinga shauri hilo, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, hakuna aliyetuambia ile ya zamani imekufa kwa maradhi gani. Ikiwa kosa limo katika nyaya za gari au katika spika, amplifaya mpya nayo itafuata njia ya mwenziwe, na fedha zetu zitakwenda pamoja nayo.

Hebu tazameni jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Betri ya gari hutoa volti 12 tu, au 14 hivi injini ikiwa inanguruma. Kwa volti hizo peke yake, spika ya omu 4 haiwezi kupata nguvu nyingi. Wati ishirini hivi ndio mwisho. Kwa hiyo ndani ya amplifaya kuna sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina transista zinazokatakata umeme wa betri mara maelfu kwa sekunde na kuupitisha katika transfoma ndogo ya mviringo, ili upatikane umeme wa volti nyingi zaidi. Sehemu ya pili ina transista nyingine, ambazo huchukua sauti dhaifu kutoka katika redio na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Mlangoni pa yote hukaa fyuzi, mfano wa askari wa zamu: umeme ukizidi, hufa yeye ili wengine wapone.

Sasa, kila aliyechungulia chini ya kiti cha nyuma aliona mambo mawili. Fyuzi imeondolewa, na mahali pake pamefungwa kipande cha waya. Tena, spika nne za omu 4 zimeungwa sambamba katika upande mmoja wa amplifaya. Tunaosoma fizikia twaijua hesabu yake: spika mbili za namna hiyo zikiungwa sambamba huwa omu 2, na nne huwa omu 1. Kanuni ya Georg Simon Ohm, aliyeitangaza mwaka 1827, naye alipata kuwa mwalimu wa shule ya sekondari huko Cologne, yasema kwamba ukinzani ukipungua kwa nusu, mkondo wa umeme huwa mara mbili. Amplifaya yetu imeandikwa mgongoni kwamba isipewe chini ya omu 2. Basi ilibebeshwa mara mbili ya mzigo wake wa mwisho, na askari wa mlangoni akafukuzwa. Simtafuti aliyefanya hayo. Nasema tu kwamba nyaya zile zingali vile vile, zaingojea amplifaya mpya.

Pili, wako wanaosema kwamba mafundi hawaaminiki, ati hubadilisha kitu kimoja na baada ya juma moja chombo hufa tena. Ni kweli hutokea. Lakini mara nyingi fundi hupelekewa chombo kitupu bila habari, kama daktari aletewaye mtoto asiyesema. Yafaa aelezwe yote: waya uliokuwa mahali pa fyuzi, spika nne, na harufu ya kuungua. Fundi hodari hupima transista kwa mita kabla ya kuwasha chombo, maana ile iliyokufa kwa shoti huonyesha karibu omu sifuri kati ya miguu yake. Akiona moja imekufa katika kundi linalofanya kazi pamoja, hubadilisha kundi zima, kwa kuwa zilizobaki huenda zimeumia. Na anapoijaribu mara ya kwanza huunga balbu ya taa ya gari katika waya wa betri. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ajua bado kuna shoti, wala hakuna kingine kilichoharibika. Tumwulize fundi kama hufanya hivyo, tupatane bei mbele, na tumwombe aturudishie vipuri vibovu.

Huenda fundi akasema ubao wote umeungua. Akitaka zaidi ya nusu ya bei ya mpya, nami nitakubali tununue. Ila tusitupe bila kupima. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitoa takataka za vyombo vya umeme tani milioni 62, na chini ya robo yake ndizo zilizojulikana kukusanywa kwa njia iliyo sawa.

Tatu, nalo ndilo kubwa kwangu. Shilingi elfu mbili si kitu kwa baadhi yetu, lakini wako wenzetu ambao hata nauli ya likizo hutafutwa kwa taabu, na aibu huwazuia kusema. Gari hili ni la shule ya serikali. Mwanafunzi hulipanda kwa kuwa ni mwanafunzi, si kwa kuwa amelipia muziki. Afadhali tusafiri tukiimba kwa vinywa vyetu kuliko kumwacha mwenzetu getini kwa ajili ya amplifaya.

Shauri langu ni hili. Mwalimu wa fizikia aombwe atuongoze tuzikague nyaya siku ya Jumamosi. Spika mbili zitolewe, fyuzi irudishwe, ya ampea zile zile zilizoandikwa kwenye chombo. Kisha amplifaya ipelekwe kwa fundi pamoja na barua ya maelezo. Bei ikijulikana, mkutano wa shule uitishwe, na achange mwenye uwezo kwa hiari yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne