"Maziwa hayatoki": tunamlaumu mama, tumesahau siku tatu za mwanzo



Leo naweka siasa pembeni kidogo, ingawa ukisoma mpaka mwisho utaona hata hii ni siasa tupu. Nataka tuzungumzie maziwa ya mama. Najua kuna mshikaji hapo kiti cha jirani ameshaanza kucheka, eti mambo ya wodi ya wazazi yanatuhusu nini sisi vijana wa kiume. Vuta subira. Hata mimi nilifikiri hivyo hivyo, mpaka nilipotumwa duka la dawa saa tatu usiku kununua kopo la maziwa kwa ajili ya mtoto wa siku tatu.

Ilikuwa hivi. Dada yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, kilo tatu na ushee, salama kabisa, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Wazazi wodini walikuwa wengi, muuguzi wa zamu mmoja, anakimbia huku na kule. Alipofika kitandani kwa dada alimwambia, "Mnyonyeshe mwanao," akaenda kwa mwingine. Simlaumu, maana nilimwona kwa macho yangu alivyochoka. Kesho yake jioni dada akaruhusiwa. Hakuna mtu aliyekaa naye hata dakika kumi kuangalia mtoto anashikaje ziwa.

Siku ya tatu nyumbani ikawa vurugu. Mtoto akiwekwa kwenye ziwa anavuta mara mbili tatu, anaachia, analia. Chuchu za dada zimepasuka zinatoa damu, akimsogeza mtoto anauma meno kwa maumivu. Hapo kila mtu akawa daktari. Jirani wa kwanza: maziwa hayatoki. Wa pili: yanatoka ila mepesi. Wa tatu: huo ni mchango, mpeni dawa. Wa nne akaja na maji ya glukosi. Kuna hata aliyenong'ona habari za kubemenda, wakati mtoto mwenyewe kitovu hakijadondoka! Mama yetu alipika mtori na uji wa pilipili manga sufuria kwa sufuria. Dada akawa analia kuliko mtoto. Uamuzi wa mwisho ulikuwa kopo, na mjumbe nikawa mimi.

HESABU YA KOPO

Kopo la gramu 400 nililipia shilingi 28,000. Likikorogwa kama maelekezo yanavyosema linatoa kama lita tatu za maziwa. Mtoto mchanga akishachangamka anakunywa nusu lita na zaidi kwa siku, kwa hiyo kopo halimalizi wiki. Weka makopo sita kwa mwezi: shilingi 168,000. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipandishwa kutoka 370,000 kufikia 500,000 kuanzia Julai 2025. Yaani hata mtumishi wa serikali wa kima cha chini, theluthi ya mshahara inaishia kwenye kopo, na hapo hujanunua gesi ya kuchemshia maji.

Shemeji yangu anaendesha bodaboda, mshahara hana. Mtu wa namna hiyo anafanyaje? Anapunguza vijiko. Kopo la siku tano linavutwa mpaka siku kumi, mtoto anakunywa maji yenye rangi nyeupe. Na kama maji hayakuchemka vizuri, kuhara kunafuata.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, aliyewahi kufanya kazi Ghana ya wakoloni, alisimama Singapore akasema wazi kwamba kuwasukumia kina mama maziwa yasiyofaa badala ya ziwa ni sawa na kuua. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu kuhusu biashara ya maziwa ya kopo katika nchi maskini, na mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé. Tarehe 21 Mei 1981 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa hayo kwa kura 118. Kura ya kupinga ilikuwa moja tu, ya Marekani.

Na sisi tunazo kanuni zetu, zilizotolewa mwaka 2013. Kutangaza maziwa ya watoto wachanga au kugawa sampuli za bure kwa kina mama ni marufuku. Usimamizi wa chakula ulikuwa TFDA, mwaka 2019 ukahamia TBS. Sheria ipo, sawa. Lakini angalia vizuri: mimi sikushawishiwa na tangazo lolote. Nilisukumwa na hofu ya watu wa nyumbani ambao hawakuwa na mtu wa kumuuliza saa tatu usiku. Hofu hiyo ndiyo inayouza makopo, na hakuna kanuni inayoizuia.

BIBI WA NYUMBA YA TATU

Siku ya tano mama akakumbuka kwamba nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa bibi mmoja, mkunga mstaafu. Akaja. Hakuleta dawa wala hakuuliza kama maziwa yapo. Alisema, "Hebu mweke nimwone anavyoshika."

Mimi nilitolewa nje, ila dada alinisimulia. Mtoto alikuwa amelala chali, shingo imegeuzwa pembeni kufuata ziwa. Hebu wewe jaribu kunywa maji umegeuza shingo hivyo! Bibi akamgeuza mwili mzima, tumbo la mtoto likakutana na tumbo la mama, kichwa na mgongo vimenyooka. Akamwambia dada asimwinamie mtoto, amlete mtoto kwenye ziwa. Akamgusisha chuchu juu ya mdomo, akasubiri mpaka mtoto alipofungua mdomo wazi kama anapiga miayo, ndipo akamvuta karibu. Kidevu kikagusa ziwa, mdomo wa chini ukabinuka nje, na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu ikaingia mdomoni. Dada anasema maumivu yalipungua pale pale. Baada ya muda wakasikia mtoto anameza.

Tatizo lilikuwa hilo. Mtoto alikuwa ananyonya ncha ya chuchu peke yake, hapati kitu, na chuchu inapasuka.

Bibi pia alieleza mambo ambayo mimi na kidato cha nne changu, na baiolojia niliyofaulu, sikuwahi kufundishwa. Nimeyafuatilia baadaye na ni kweli. Siku ya kwanza mtoto hahitaji maziwa mengi. Anapata mililita 2 mpaka 10 hivi kwa kila kunyonya, na kijiko cha chai ni mililita 5. Ni yale maziwa ya njano, mazito, yenye kinga, ambayo wazee waliyaita dang'a na wengine waliyakamua wakayamwaga kwa kudhani ni machafu. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne, kondo la nyuma likishatoka na homoni zikibadilika. Kwa hiyo mama anayesema "hayatoki" siku ya kwanza mara nyingi yuko sawa kabisa, ila hakuna aliyemwambia.

La pili, ziwa linafanya kazi kama fundi wa oda. Linaponyonywa sana linatengeneza sana, likiachwa linapunguza. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku pia. Ukimpa kopo au glukosi anashiba, analala, ziwa halinyonywi, kesho maziwa yanapungua kweli. Ndipo majirani wanasema, "Si tulisema?" Kumbe unabii wameutimiza wao wenyewe.

TUWE WAKWELI LAKINI

Sitaki mtu atoke hapa akaanze kuwapigia kelele kina mama kwamba ni wazembe. Wapo wanaochelewa kweli kupata maziwa: aliyepasuliwa, aliyevuja damu nyingi, aliyebakiwa na kipande cha kondo tumboni. Wapo watoto njiti ambao nguvu ya kunyonya hawana, hao hukamuliwa maziwa wakapewa kwa kikombe au mpira. Wapo watoto ambao ulimi umeshikwa chini na utando, unahitaji kuangaliwa na daktari. Na wapo kina mama wachache ambao pamoja na kila juhudi maziwa hayatoshi. Kwa hao kopo ni msaada, si dhambi.

Pia kuna dalili za kukimbilia hospitali, siyo kwa majirani wala kusubiri maoni ya blogu. Mtoto kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, lakini asipungue zaidi ya asilimia 10 na ndani ya wiki mbili awe amerudia uzito wa kuzaliwa. Kuanzia siku ya tano hivi akojoe mara sita au zaidi kwa siku. Akiwa mlegevu, haamki kunyonya, ana homa, macho na ngozi vinazidi kuwa vya njano, mpeleke mara moja.

Mtoto wetu alipimwa kliniki, akakutwa amepungua lakini hajafikia pabaya. Kopo halikukatwa ghafla. Waliambiwa wampe ziwa kwanza kila mara, kisha nyongeza kwa kikombe, wakipunguza taratibu. Wiki ya tatu kopo likawa limebaki nusu, mpaka leo liko juu ya kabati.

SASA SIASA YENYEWE

Kila mwaka tarehe 1 mpaka 7 Agosti ni Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Hotuba, fulana, kina mama wanahimizwa kunyonyesha maziwa peke yake miezi sita. Na hali imepanda, lazima tukiri: takwimu za kitaifa za 2004/05 zilionyesha asilimia 41 ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama tu, 2015/16 asilimia 59, na 2022 asilimia 64. Lakini geuza hiyo ya mwisho uone upande wa pili: zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu bado hapati hivyo. Je, hao mama zao hawajasikia hotuba? Wamesikia sana. Dada yangu angeweza kukuimbia ile "miezi sita bila hata maji". Alichokosa ni mtu wa kumshika mkono siku ya pili.

Mwaka 2022 asilimia 81 ya watoto walizaliwa vituoni. Maana yake kina mama wengi tunao mkononi kabisa, halafu tunawaruhusu kabla maziwa hayajaja. Tatizo linaanza siku ya tatu, mama yuko nyumbani na majirani wanne wenye majibu manne.

Halafu kuna sheria ya ajira ya mwaka 2004. Likizo ya uzazi siku 84, ukizaa zaidi ya mmoja siku 100. Ukirudi kazini unaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Miezi sita ni kama siku 180, kwa hiyo hata mwajiriwa mwenye bahati anapewa chini ya nusu ya muda anaohimizwa. Na huyo ni mwenye ajira. Dada anauza samaki wa kukaanga. Mama lishe, muuza mboga, dada wa kazi asiye na mkataba, hizo siku 84 anamdai nani? Wenzetu Kenya, sheria yao ya afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri awe na sehemu ya kunyonyeshea kazini. Hata hiyo haimfikii muuza samaki.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, mama wa mtoto wa kwanza asiruhusiwe mpaka mtu mmoja ameona kwa macho mtoto akinyonya vizuri, na iandikwe kwenye kadi. Haihitaji mashine yoyote. Pili, Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Basi ziara ya siku ya tatu iwe kazi yao ya lazima, wafundishwe kile alichofanya yule bibi. Tatu, wakunga wastaafu wapo mitaani, watafutwe wakiwa bado hai.

Na nne ni sisi vijana. Wengi wetu tutakuwa baba, mjomba au shemeji kabla hatujapata kazi ya maana. Kazi yetu si kukimbilia duka la dawa tu. Mpe mama maji, shika mtoto apumzike, waambie wageni waje wiki ijayo, na muulize mkunga kabla ya kuuliza bei ya kopo.

Mimi si daktari, nimeandika niliyoyaona na niliyoyafuatilia. Kama wewe ni muuguzi, au ni mama yaliyekukuta, tushushie hapo chini. Ukinikosoa nitashukuru. Ila swali langu lijibiwe: kule kwenu, siku ya tatu mama anamuuliza nani?

Naomba kutoa hoja.