Dini ya kiboko haikai moyoni mwa kijana

Tangu miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto wengi, ianze kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mnamo Aprili 2023, wahubiri na serikali wamelaumiwa. Malezi nayo yastahili kumulikwa.

Mnamo 1966, mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Marekani alitofautisha mzazi anayeamrisha tu, anayeachilia kila kitu, na anayeweka masharti huku akiyaeleza.

Kijana wa miaka 13 anayechapwa ili aende kanisani au madrasani huzoea kutii sauti kali. Kesho atamtii yeyote mwenye sauti hiyo. Aliyeachiliwa hukosa kipimo cha kumpima mhubiri. Anayeruhusiwa kuuliza, na kuwaona wazazi wakitenda wanayoyasema, huifanya imani kuwa yake.

Samaki mkunje angali mbichi, lakini kumkunja si kumvunja.