Mama Zetu Wapimwe Mapema

Naomba niseme neno juu ya ugonjwa ambao watu huutaja kwa kunong'ona, nao ni saratani ya mlango wa kizazi. Wako watakaosema kwamba habari hii haifai katika gazeti la shule. Mimi naona yafaa sana, maana gazeti hili husomwa na wazazi wetu, na sisi wanafunzi ndio tunaolipeleka nyumbani.

Ugonjwa huu hauji kwa uchawi wala kwa laana. Daktari Mjerumani, Harald zur Hausen, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba chanzo chake ni kirusi kiitwacho HPV, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi hukipata wakati fulani wa maisha yao. Aghalabu mwili hukishinda wenyewe, hata mtu asijue. Lakini kikikaa bila kuondoka, hasa aina namba 16 na 18, huharibu mlango wa kizazi polepole, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani.

Kwa mwanamke anayeishi na VVU mambo ni mengine, kwa kuwa kinga iliyopaswa kukifukuza kirusi hicho imedhoofika. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hatari yake ya kupata saratani hii ni mara 6 kuliko mwanamke asiye na VVU, na kama hatumii dawa, saratani yaweza kuja katika miaka 5 hadi 10 tu. Ndiyo sababu tangu mwaka 2021 shirika hilo lashauri mwanamke huyu aanze kupimwa HPV akiwa na umri wa miaka 25, na arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Wanawake wengine huanza wakiwa na miaka 30.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Huchukuliwa majimaji kidogo kwa kijiti chenye pamba, na mwanamke aweza kujichukulia mwenyewe faraghani. Vituo vyetu vingi vimezoea kipimo cha siki, ambacho muuguzi hupaka siki nyepesi na sehemu iliyoharibika hugeuka nyeupe. Hicho nacho kina faida, ila kipimo cha HPV hugundua zaidi. Tena, kuonekana na kirusi si kuwa na saratani. Mama hutazamwa, na penye dalili huchomwa kwa joto kwa dakika chache, yakaisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi maoni yangu ni haya. Kwanza, kipimo hiki kifanyike pale pale mama anapochukulia dawa zake za VVU, na siku ile ile. Mama huyu hana haja ya kutafutwa, maana hufika kliniki mwenyewe kwa tarehe yake, kadi mkononi. Akiambiwa arudi wiki ijayo, aende jengo jingine, alipe nauli mara ya pili na kuacha shamba na watoto, je, mnadhani atarudi? Yasikitisha kuona mtu amemeza dawa kila siku kwa miaka mingi, UKIMWI umeshindwa kumwua, kisha afe kwa ugonjwa ambao ungeweza kuzuiwa.

Pili, wengine watasema kwamba kuwaita hawa peke yao ni kutangaza siri zao. Hoja hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo wito uwe kwa kila mama aliyefikia umri, na atakayekwenda asiulizwe na jirani wala na mtoto wake kwa nini amekwenda. Sisi watoto hatuna ruhusa ya kuchungulia kadi za wazazi. Kazi yetu ni kufikisha habari. Mwenye kuanza mapema atajijua mwenyewe.

Tatu, nawaomba akina baba, kwa heshima zote, wasiyafanye majibu ya HPV kuwa ushahidi wa uzinzi. Kirusi hiki chaweza kujificha mwilini miaka mingi, na hakuna ajuaye kiliingia lini. Mama anayeogopa ugomvi nyumbani hatakwenda kupimwa, na mficha maradhi kilio humfichua. Afadhali baba atoe nauli na kubaki na watoto siku hiyo.

Wasichana wa nchi yetu wanapewa chanjo ya HPV tangu mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Hiyo ni neema kubwa kwa wadogo zetu. Lakini mama zetu walikuwa wamekwisha pita umri huo chanjo ilipokuja, na kinga yao iliyobaki ni kupimwa. Wanafunzi wenzangu, tufungapo shule muhula huu, tuwapelekee mama zetu, shangazi zetu na dada zetu wakubwa habari hii kwa adabu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne