Uzi Ufaao kwa Lesi

Akina mama wa Kangemi na Kawangware wafikao Biashara Street, Nairobi, kununua uzi wa lesi ya mafundo, wasitazame rangi peke yake. Katika lesi hiyo kila kitanzi hufungwa kwa kuvuta uzi upite ndani ya mafundo yake. Uzi wa sufu hunasa. Uzi uliosokotwa kwa ulegevu hukatika, na mafundo hayo ni taabu kuyafungua, basi kazi ya siku nzima hupotea. Ufaao ni uzi wa pamba, laini, uliosokotwa barabara. Nambari ikizidi, unene hupungua: 80 ni mwembamba kuliko 20. Mwanafunzi na aanze na 10 au 20. Kabla ya kulipa, na auvute kwa mikono miwili. Uzi rahisi ukatikao ni ghali.