Dohani Bapa Haikuharibu Kitu

Wapo wapenzi wa garimoshi wanaolalamika kwamba vichwa vya treni vya daraja la 59 vya Afrika Mashariki viliharibiwa sura vilipovishwa dohani bapa ya Giesl, mhandisi wa Austria. Mimi nasema wanatazama picha, hawatazami kazi.

Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hutokea dohani na kuvuta hewa tanuruni. Tundu likiwa jembamba, moto hupata pumzi lakini pistoni hukabwa. Giesl aliugawa mvuke huo katika matundu madogo yaliyopangwa mstari mmoja. Moto ukavutwa, pistoni zikapata nafuu. Ubapa wa dohani umetokana na hilo, si na ukosefu wa ladha.

Tena, hao watetezi wa “sura ya asili” wanasahau kwamba Garratt yenyewe iliivunja sura ya kale: boila imening’inizwa kati ya injini mbili ili uzito wa zaidi ya tani 250 ugawanyike juu ya reli za upana wa mita 1. Mbona hilo hawalilalamikii?

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisi wanafunzi, kabla ya kuhukumu umbo, tuulize kwanza: linafanya kazi gani?